"Mtu" darasani, "ntu" kwenye simu: nianzie wapi?

SWALI: Assalaam aleikum Maalim. Mimi ni kijana wa Micheweni, Pemba, nasoma Kiswahili mwaka wa tatu chuoni hapa Unguja. Natakiwa nifanye utafiti mdogo wa isimujamii, yaani namna watu wanavyoitumia lugha katika jamii, na mada sina. Ninachokijua ni kwamba nikiwa na wenzangu dakhalia (bwenini) nasema "mtu" na "mkono", lakini mama akipiga simu najikuta nasema "ntu" na "nkono", na wenzangu wanaangua kicheko. Wapo wanaoniambia Kiswahili sanifu ni Kiunguja, kwa hiyo sisi Wapemba tunakiharibu. Ni kweli? Na jambo kama hili lafaa kuwa utafiti, au bora nikusanye maneno magumu ya Kipemba? Nianzie wapi?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu.

Mada unayo, imo ndani ya hiyo simu ya mama. Wenzako wanachekea kitu ambacho watafiti wengine wanakitolea jasho miezi mizima wasikipate: mtu yule yule, chumba kile kile, dakika ile ile, anabadilisha sauti ya neno, na kilichobadilika ni nani anayemsikiliza, basi. Mwanasaikolojia Howard Giles aliijengea nadharia tabia hii tangu miaka ya 1970. Alisema tunausogeza usemi wetu ukaribiane na wa tunayezungumza naye tukitaka kuwa naye, na tunautenga tukitaka ajue sisi si wa kwake. Wewe kwa mama unasogea. Swali la kukukosesha usingizi ni hili: dakhalia nako unasogea kwa nani, na yeye mbona hasogei kwako?

Lakini tulimalize kwanza hilo la kuharibu, maana likikukaa moyoni utakwenda kijijini ukasahihishe watu badala ya kuwasikiliza.

Kwamba Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja, ni kweli. Angalia tu kilivyochaguliwa. Wamishionari wa karne ya 19 kila mmoja aliishika lahaja aliyoikuta alipotua. Ludwig Krapf alifikia Mombasa mwaka 1844, akaandika juu ya Kimvita, lahaja ya huko. Edward Steere alikaa Unguja, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha hapa. Baadaye serikali za kikoloni zikataka Kiswahili kimoja cha vitabu vya skuli, na ugomvi ukawa Kimvita au Kiunguja. Mwaka 1928 ukafanyika mkutano Mombasa, kwenye kitovu cha Kimvita chenyewe, na ukaamua Kiunguja. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Kimvita kilikuwa na hazina ya ushairi ambayo hata mpinzani wake hakuweza kuikana, lakini Kiunguja kilikuwa kimeshatembea. Misafara ya biashara iliyotoka pwani ilikuwa imekifikisha Tabora, Ujiji na mpaka Kongo, na waliokwisha kukizoea huko bara walikuwa wengi. Kilichopimwa pale ni wapi lugha imefika na vitabu vingapi vimeshapigwa chapa. Hakuna aliyekaa akapima kama "m" ya Mjini ni tamu kuliko "n" ya Micheweni.

Na hao wanaokucheka wasikilize nao. Mtoto wa Kikwajuni, hapa Mjini, anayesema "Baba kaja, keshakula, n'nakwenda dukani" anasema lugha ya kwao, nzuri kabisa, na akiiandika hivyo kwenye mtihani atakatwa alama kama utakavyokatwa wewe. Watege wakiwa wanazungumza mbio mbio, mpira umeingia wavuni au mtu kawapora chapati. Utazisikia "nkono" na "ntoto" humo humo. Tofauti yenu si kubwa kama kicheko chao kinavyodai. Kinachowachekesha ni kule inakotoka sauti, na kila kinachofikiriwa juu ya watu wa huko. Tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, hapa petu neno moja la Kipemba limeweza kumfanya msikilizaji akukadirie mpaka chama, kabla hujamaliza sentensi. Sauti ya "n" haina chama. Watu ndio wanaoibebesha.

Maneno magumu ya Kipemba waachie wenye kazi yao. BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wameshatoa kamusi ya Kipemba, na ya Kitumbatu na Kimakunduchi pia. Iwe nayo karibu. Lakini kamusi itakwambia neno lipo na maana yake ni hii. Haitakwambia nani analisema, mbele ya nani, na nani analimeza akiona wageni. Hicho kilichobaki ndicho chako.

Sasa kazi. Tafuta kitu kimoja kidogo chenye njia mbili za kusemwa, maana isibadilike. Wewe umeshakipata. Kiswahili cha vitabuni kinaandika "m" mbele ya konsonanti yoyote: mtu, mke, mkono, mdomo, mgeni, mchana, mnazi. Kipemba kinaivuta ile "m" ikae mahali pa sauti inayofuata: ntu, nke, nkono, ndomo, n'geni, nchana, n'nazi. Jisikilize ukisema "nkono": ile "n" iko nyuma kooni, ni ile ya "ng'ombe". Ukisema "ntu" iko nyuma ya meno. Ulimi wako unafuata kanuni, tena kanuni safi. Mwenye kuharibu hana kanuni. Angalia jambo moja tu: mbele ya "b", "p", "f" na "v" usihesabu. Mpaka, mbuyu, mfuko, mvua: hapo midomo inakutana au inakaribiana vyovyote vile, Mpemba na Muunguja wakasikika sawa. Nimeona mtafiti aliyehesabu "mpira" na "mfereji" pamoja na mengine, akapata matokeo yanayoonyesha kijiji kizima kinasema kama taarifa ya habari.

Kisha jua kwamba kazi hii ilianzia kisiwani. William Labov, Mmarekani, mwaka 1961 alikwenda Martha's Vineyard, kisiwa cha pwani ya Massachusetts, chenye wakazi wasiofika 6,000 na wageni wa kiangazi zaidi ya 40,000. Utadhani anaizungumzia Nungwi. Alirekodi watu 69, akafuatilia namna wanavyotamka irabu katika maneno ya kawaida ya Kiingereza, kama "house" (nyumba) na "right" (kulia). Kulikuwa na matamshi ya zamani ya kisiwani na matamshi ya bara. Kila mtu angebashiri vijana watakwenda na ya bara. Ikawa sivyo. Matamshi ya kisiwani yalikuwa yanapata nguvu, hasa kwa wavuvi wa upande wa Chilmark na kwa watu wa miaka 30 hadi 45, na kilichoyatabiri vizuri kuliko vyote ni moyo wa mtu kwa kisiwa chake. Aliyenuia kubaki alitamka kisiwani, na mwenye mguu mmoja melini alitamka bara. Wenyewe hawakuwa na habari kwamba wanafanya hivyo.

Mimi nikikusoma wewe nauona utafiti huo umekaa tayari kati ya Wete na Mjini. Wapemba wamejaa Darajani na Mwanakwerekwe, wengine Dar es Salaam, wengine Muscat. Usiwaulize "unaipenda Pemba?", kila mtu atakwambia naipenda. Waulize: "Kiwanja umenunua wapi? Nyumba unajenga wapi?" Kwetu mtu hudanganya kwa maneno, kwa matofali hadanganyi. Anayejenga Micheweni huku anauza nguo Darajani mwaka wa kumi na mbili, "n" yake ikoje? Na jirani yake wa kibanda cha pili, aliyekuja meli moja naye, akajenga Fuoni na watoto kawatia skuli huko? Ukiwapata kumi wa huku na kumi wa kule, mada yako itakuwa imeshajitosheleza.

Kabla ya hapo nataka ufanye zoezi la siku tatu, la bei ya nauli. Labov huyo huyo, mwaka 1962, alitaka kujua nani New York anaitamka "r" na nani anaidondosha. Aliingia maduka makubwa matatu, moja la matajiri, moja la watu wa kati, moja la wanyonge, akauliza wafanyakazi kitu ambacho alijua kiko ghorofa ya nne. Wakimjibu "fourth floor", yaani ghorofa ya nne, ambayo ina "r" mbili, alijifanya hakusikia, wakarudia kwa makini. Alitoka akaandika kwenye daftari. Watu 264 aliwapata hivyo, na "r" ilipungua ngazi kwa ngazi kutoka duka la matajiri kushuka.

Wewe una Mkoani. Mwenyezi Mungu kakupa mji wenye "m" na "k" na kila siku watu wanautaja. Nenda stendi ya Chake Chake, simama pembeni ya gari ya Mkoani, muulize utingo: "Gari hii yenda wapi?" Atasema "Mkoani" au "Nkoani". Jifanye hukusikia: "Wapi?" Andika jawabu la kwanza na la pili, umri wa kukadiria, mwanamme au mwanamke, basi. Usihesabu ule wito wao wa kuitia abiria, "Mkoani-Mkoani-Mkoani", ule ni wimbo, una midundo yake. Kisha rudi Unguja, nenda bandarini Malindi ukaulize vile vile, meli ya Pemba yafikia wapi, kwa wapagazi, kwa wakata tiketi, kwa abiria waliokaa juu ya mabegi. Hamsini kila mahali wanatosha. Mimi ningeitazama zaidi ile mara ya pili. Mtu akisema "Nkoani" akarudia "Mkoani", kajisahihisha bila ya kuambiwa, na hapo ndani mwake umeona skuli, redio na kicheko cha wenzake wa dakhalia. Akisema "Nkoani" akarudia "NKOANI" kwa nguvu zaidi, huyo mnunulie chai, mkae.

Mazungumzo marefu ni shughuli nyengine, na hapa ndipo wengi wanapoanguka. Labov alikiita kitendawili cha mtazamaji: tunataka kujua watu wanasemaje wakiwa hawatazamwi, na njia ya kujua ni kuwatazama. Mimi kilinipata kwenye karafuu. Ilikuwa alasiri, msimu wa mchumo, tumekaa jamvini uani kwa watu tunachambua, karafuu huku, makonyo kule, na bi mkubwa mmoja anatupigia hadithi ya mume wake wa kwanza, "n" zinadondoka kama mvua ya vuli. Nikamuomba ruhusa nirekodi. Akaridhia, nikaiweka rikoda juu ya kikapu. Bi mkubwa akajitanda kanga vizuri, akakohoa, akaanza: "Mtoto wa mkulima wa karafuu anatakiwa…" Ilikuwa hotuba! Mume wa kwanza katoweka, Kipemba kimetoweka, kabaki msomaji wa taarifa. Nikavumilia robo saa. Ghafla wingu likafunga, tone moja, la pili, na zile karafuu zilizoanikwa jana ziko nje. Bi mkubwa aliruka kama msichana: "Anueni! Anueni! Karafuu zaroa hizo! Ntoto yule kenda wapi?" Dakika zile mbili za kuanua, na kuchekana kulikofuata tulivyokuwa tumeroa, ndizo nilizozifanyia kazi. Hotuba niliitia kwenye hesabu vile vile, peke yake, kwa sababu nayo ni usemi wake: ni jinsi anavyojua lugha ya wageni inavyotakiwa iwe.

Mvua haiagizwi, kwa hiyo uwe na maswali yanayofanya kazi ya mvua. Labov alikuwa na lake: je, kuna siku ulidhani sasa nakufa? Mtu akianza kuisimulia siku hiyo anairudi, na rikoda anaisahau. Pemba una utajiri wa siku hizo. Muulize mchumaji aliyekatikiwa na tawi la mkarafuu akiwa juu. Muulize mvuvi wa Kojani usiku alioupita na mawimbi. Na mpe muda. Dakika ishirini za mwanzo karibu kila mtu anazungumza na mashine.

Usimuulize mtu moja kwa moja "wewe husema mtu au ntu?" Atakujibu anachodhani ndicho sahihi, na atakijibu kwa kiapo. Hilo liweke mwisho kabisa wa mazungumzo, kama swali la mtazamo. Utapata mtu aliyesema "ntu" mara arubaini mbele yako akikuapia kwamba hiyo ni lugha ya watu wa vijiji vya mbali. Usimbishie. Andika.

Ukirudi, hesabu. Hakuna mtu anayesema njia moja tu siku zote. Tunachotafuta ni kiasi. Tuseme bi mkubwa wako katika nafasi 100 za kusema "m" mbele ya konsonanti zile, 80 kasema "n". Mjukuu wake wa kidato cha nne 35. Mjukuu huyo huyo akizungumza na mwalimu wake 5. Namba hizo tatu zina hadithi ya kutosha sura nzima. Watu 24 wanakutosha kwa kazi ya shahada ya kwanza: vijana, watu wazima na wazee, wanne wanaume na wanne wanawake kila rika. Wanawake usiwasahau kwa sababu ya uvivu wa kuogopa kubisha hodi. Tafiti nyingi zimewakuta wakitangulia, pengine kwenye lugha sanifu, pengine kwenye badiliko jipya. Na kama wewe mwanamme huwezi kukaa uani kwa watu, muombe dada yako akakae, umfundishe kazi, jina lake liwemo kwenye shukurani.

Kuna sehemu moja ya habari hii inayonigusa binafsi. Niliwahi kusahihisha insha za watoto wa darasa la sita, Pemba, na mmoja akaandika kwa mwandiko mzuri sana: "Mchi yetu Tanzania ina milima na mito." Mchi ni ule wa kutwangia kinuni. Walimu wenzangu walicheka sana. Mimi nilimwona mtoto mwenye akili kali. Nyumbani kwao "mchi" na "nchi" ni sauti moja. Skuli ameambiwa "n" ni kosa, sema "m". Basi amekwenda na amri hiyo mpaka mwisho, akasahihisha hata "n" isiyokuwa na kosa. Makosa ya namna hii, ya mtu kujisahihisha kupita kiasi, yatafute kwenye madaftari ya skuli. Yanaonyesha mahali hasa aibu ilipopandwa. Watu wa Mjini wanayo yao, kwenye sauti za Kiarabu. Anayetaka aonekane kasoma hutia "dh" kwenye neno ambalo wazazi wake walitia "z" tu na wala halikutoka Uarabuni.

Mambo ya ruhusa nayapita haraka, mwalimu wako atakueleza: kibali cha utafiti kwanza, barua ya chuo, halafu kwa sheha, kiongozi wa mtaa, kabla hujafungua rikoda popote. Kuuliza gari inakwenda wapi si kurekodi, hilo halina neno. Kumrekodi mtu kwa siri ni haramu ya kitaaluma, hata awe mjomba wako. Majina badilisha. Kijiji chenye mwalimu mkuu mmoja mwanamke, usiandike "mwalimu mkuu mwanamke wa kijiji hiki" halafu ukadhani umemficha.

Hukuniuliza, lakini najua utaniuliza: nikafanye Micheweni kwetu au pengine? Fanya kwenu. Ndiyo, watakuficha baadhi ya mambo kwa kuwa wewe ni mtoto wao, na watakuonyesha mengine kwa sababu hiyo hiyo. Tatizo lako ni jengine. Umeshakaa Unguja miaka mitatu, na ukifika na begi la chuo mtu akakusikia "mtu, mkono, mgeni", na yeye atakusogelea huko huko. Utarudi na rikoda imejaa "m" uliyoipeleka mwenyewe. Kwa hiyo wiki ya kwanza usirekodi. Kaa, chambua karafuu, nenda pwani na wenzako, ulimi wako urudi. Utajua umerudi siku mama atakapoacha kukuchagulia maneno.

Na hiyo simu yake, anza nayo leo. Upande wake usiurekodi mpaka umuombe ruhusa uso kwa uso. Lakini upande wako ni mali yako: weka rikoda mezani, zungumza naye kama siku zote, ukikata simu mgeukie mwenzako wa kitanda cha pili uendelee naye dakika kumi, naye awe anajua kwamba unarekodi. Kisha hesabu "m" zako na "n" zako, kabla na baada ya "haya mama, usiku mwema". Niletee namba hizo, ndipo tutafute jina la utafiti.